Maji ya kuchemsha na meno ya watoto wetu huku Usa River

Mtu yeyote aliyekaa Arusha anajua habari ya meno yenye madoa ya kahawia, yanayoletwa na floraidi iliyozidi kwenye maji ya huku. Ukifika Dar au Mwanza ukitabasamu tu mtu anakuuliza wewe ni wa Arusha au Moshi, hata salamu hamjamaliza. Watu wanafanya utani ila mimi nina watoto na hili jambo nimekaa nalo moyoni miaka mingi, nataka niandike nilichojifunza maana naona wamama wadogo wanaanza kulea huku wakiwa na maelezo nusu nusu, wanaambiwa chemsheni maji, basi, hakuna anayewaambia kuchemsha kunafanya nini na hakufanyi nini.

Mimi ni wa Muheza, Tanga. Nimeolewa na Mmeru, tunakaa Usa River pembeni ya mji wa Arusha, ukweni kwetu ni upande wa Maji ya Chai. Mtoto wangu wa kwanza nilimzalia nyumbani Muheza akalelewa na mama yangu mpaka alipomaliza darasa la tatu ndio nikamchukua, wawili waliofuata wamezaliwa huku huku. Sasa yule wa pili alipong'oka meno ya utoto yakaanza kuota yale ya ukubwani, yakaja na mistari myeupe isiyong'aa, baada ya muda ikawa madoa ya kahawia pale mbele kabisa. Wa tatu naye hivyo hivyo. Kaka yao mkubwa meno meupe hayana hata doa. Nyumba moja, ndoo moja, dawa ya meno moja wanagombania kila asubuhi. Nilipouliza kwenye zahanati moja nikaambiwa watoto hawapigi mswaki vizuri niwasimamie, nikawasimamia sana, madoa yako pale pale.

Na maji tulikuwa tunachemsha! Hapo ndio watu wengi wanachanganyikiwa. Tunachemsha mpaka yanatokota, tunachuja kwa kitambaa, tunaweka kwenye ndoo yenye mfuniko, kila kitu bango la kliniki linachosema tunafanya. Na lile bango halidanganyi jamani, kuchemsha kunaua vijidudu vya kipindupindu, vya taifodi, vya kuhara damu, mtoto anayekunywa maji ya kisima bila kuchemsha yuko hatarini kweli. Lakini floraidi sio kijidudu. Ni madini, yanatoka kwenye miamba ya volkano ya Meru na Kilimanjaro, maji yakipita chini huko yanayayeyusha na kuja nayo mpaka bombani. Kitu kisicho hai huwezi kukiua kwa moto. Tena ukichemsha sana unaongeza, maana mvuke unaondoka ni maji matupu, madini yanabaki kwenye sufuria, ni kama supu uliyoiacha jikoni ikazidi kukauka, kila ukionja chumvi imepanda.

Hii habari ya mvuke kuondoka na chumvi kubaki nilifundishwa kidato cha pili kwenye kemia. Kila aliyepita sekondari kafundishwa. Tulichora mitungi ya kioo na moto chini yake, tukakariri maelezo kwa Kiingereza, tukajibu mtihani tukapata alama, na hakuna siku hata moja mwalimu alisema sasa hebu fikirieni sufuria ya mama zenu nyumbani. Simlaumu mwalimu yule, alikuwa na darasa la watoto wengi na maabara haina kitu. Ila naamini kabisa mtoto wa Arumeru huku kwetu akifundishwa mvukizo kwa maji ya kijijini kwao, akaambiwa humu kuna kitu ambacho moto hauondoi, hatasahau mpaka anazeeka, na siku akiwa mzazi ataamua tofauti.

Aliyenifungua macho zaidi ni mama mkwe. Huyu mama hajasoma zaidi ya darasa la nne lakini kichwa chake kinafanya kazi. Siku moja tumekaa tunachambua maharage nikamwambia mama, mimi nasikia haya meno ni maji. Akaniambia "Mwanangu, haya maji tumekunywa sisi na baba zetu na tumezeeka, tusiyasingizie." Nikanyamaza, mama mkwe hubishani naye. Tukaendelea na maharage, halafu yeye mwenyewe akaanza kusema taratibu kama anajiuliza, akasema lakini ni kweli wanawake walioolewa hapa kutoka nje meno yao hayabadiliki. Akaanza kuwataja, mke wa shemeji yake aliyetoka Singida, mama mmoja Mpare wa Same, mimi wa Tanga, wote tumekunywa maji haya haya miaka na miaka na meno yetu meupe, lakini watoto tuliowazaa hapa wote wana madoa. Akasema "Basi haya maji yanamkuta mtu akiwa mdogo."

Nilishangaa sana. Maana hicho alichosema yule mama akiwa na ungo mapajani ndicho hicho hicho wataalamu walichokigundua Marekani zamani. Kulikuwa na daktari wa meno anaitwa Frederick McKay, alifika mji wa Colorado Springs mwaka 1901 akakuta wenyeji wana meno ya kahawia, na katika kufuatilia yeye na wenzake wakaona kwamba wanaoathirika ni waliozaliwa pale au waliofika wakiwa wadogo sana, aliyehamia akiwa mtu mzima meno yake hayageuki. Wakahisi ni maji ila hawakujua ni nini ndani ya maji, mpaka mwaka 1931 mkemia anaitwa Churchill alipopima akakuta ni floraidi. Miaka 30 hiyo. Mama mkwe hakuwa na maabara ila njia ya kufikiri ni ile ile, angalia nani kapata na nani hakupata, halafu uliza wanatofautiana nini. Mtu akisema sayansi ni ya wazungu mi namwambia njoo ukweni kwangu.

Sababu ya mtu mzima kutoathirika meno ni kwamba lile gamba gumu la nje la jino linatengenezwa chini ya ufizi tangu mtoto ni mchanga mpaka kwenye miaka minane hivi, floraidi ikizidi kipindi hicho gamba linajengeka vibaya, linakuwa na vitundu vidogo ambavyo baadae vinashika rangi. Likishamaliza kujengeka, limemaliza. Kwa hiyo mkubwa wangu alivyokuja meno yake ya mbele yalishamaliza kujengeka. Na ndio maana pia kusugua madoa kwa mkaa au mchanga au majivu hakusaidii kitu, doa liko ndani ya gamba lenyewe, ukisugua unalila gamba na jino linabaki linauma. Kuna vijana wanauziwa vimiminika vya kung'arisha meno pale mjini, mtu anatoka na ufizi umeungua. Kama madoa yanakukera nenda kwa daktari wa meno, yapo mambo wanaweza kufanya, ila usijisugue na vitu vya barabarani.

Sasa kujua tu haitoshi, kuna kuamua. Cha kwanza tulipeleka maji maabara ya maji mjini yakapimwe, hela tulitoa na tulisubiri majibu. Yalikuja kwenye 6 na kitu miligramu kwa lita. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi 1.5, na Tanzania zamani tuliruhusu mpaka 4 lakini siku hizi kiwango ni hicho hicho 1.5. Kwa hiyo yetu ilikuwa kama mara nne. Jirani yetu hatua chache tu ana kisima kingine, chake kikaja chini kuliko chetu, na hii watu wengi hawaijui, huku chini ya Meru floraidi inabadilika kwa umbali mfupi sana, huwezi kusema maji ya kwa fulani ni mazuri basi na ya kwangu ni mazuri. Na kwa macho huoni, kwa ulimi huonji, kwa pua hunusi. Maji yetu yalikuwa meupe matamu ya baridi.

Mjini wenzetu wamepata nafuu kidogo, ule mradi mkubwa wa maji wa Arusha wa zaidi ya shilingi bilioni 500 ulichimba visima mpaka upande wa Hai, mkoa wa Kilimanjaro, ili kupata maji yenye floraidi ndogo. Sisi wa pembeni tunajitegemea.

Tukaanza na mvua. Maji ya mvua hayana floraidi ya kusema, yametoka kwenye mvuke, yameacha madini huko huko. Tuliweka mifereji kwenye bati na simtanki, masika linajaa. Lakini hapa sasa ule uelewa unafanya kazi kwa upande wa pili, maji ya mvua yanapita kwenye bati ambako ndege wananyea na vumbi limekaa, kwa hiyo mvua ya kwanza tunaiacha imwagike na ya kunywa lazima tuyachemshe. Unaona? Maji ya kisima kuchemsha kunatatua nusu ya shida, maji ya mvua kuchemsha kunatatua karibu yote. Ukiwa umekariri tu "chemsha" huwezi kujua tofauti, ila ukijua kwanini unachemsha unajipangia mwenyewe. Na kiangazi kikiwa kirefu tanki linakaribia kuisha, tunachanganya, dumu moja la kisima na madumu matatu ya mvua, 6 na kitu gawanya kwa 4 unapata 1.5 na kidogo, hesabu ya shule ya msingi. Sio suluhisho la maana sana maana uko ukingoni kabisa na unazidi kidogo, maji ya mdogo wa mwisho tulikuwa tunamtengea ya mvua tupu, kunywa na uji wake. Kufulia na kuogea ni kisima, ngozi hainywi floraidi.

Na uji ndio watu wanausahau. Mtu ananunua maji ya dukani kwa ajili ya mtoto kunywa halafu uji, ugali, supu anapikia ya bomba, wakati mtoto mdogo maji mengi anayapata kwenye uji. Halafu magadi. Huku kaskazini makande na kiburu (ndizi na maharage) bila magadi mtu haoni kama ni chakula, na magadi yetu haya nayo yana floraidi, mengine nyingi kweli. Nilimwambia mama mkwe kwa heshima, akafikiria siku kadhaa, akasema basi maharage na mahindi tutaloweka tangu usiku yalainike, ya wajukuu hatuweki magadi, ya kwetu wazee mtuachie. Nikaona ni uamuzi mzuri, meno yao yalishajengeka ingawa floraidi nyingi miaka mingi inaweza kugusa na mifupa pia, hilo nilimwambia, akasikia, akaamua. Ni mtu mzima.

Kitu kimoja ambacho nikimuona mama mjamzito namwambia hata kama simjui, maziwa ya mama hayapitishi floraidi nyingi hata kama wewe mama unakunywa maji yenye floraidi. Kwa hiyo ile miezi sita ya kunyonyesha bila kumpa kitu kingine, ukiacha faida zote tunazoambiwa kliniki, huku kwetu ina faida hii nyingine ambayo sijawahi kuiona kwenye bango. Ukimuanzishia maji na uji wa miezi mitatu kwa sababu bibi kasema mtoto ana kiu, unamuanzishia na floraidi.

Halafu wakaja wauza machujio. Yaani ukiwa na watoto na wasiwasi, watu wa kukuuzia hawakosekani. Alikuja kaka mmoja amevaa vizuri, ana kikalamu cha umeme, anakichovya kwenye maji yako kinaonyesha namba kubwa, anachovya kwenye maji yake namba ndogo, wamama wanapiga kelele. Akatoa na chombo kingine chenye vijiti vya chuma, akakichomeka kwenye maji yetu, baada ya dakika maji yakageuka kahawia yenye povu, akasema huo ndio uchafu mnaowanywesha watoto wenu. Watu walishtuka, kuna mama karibu alie. Mimi nilikuwa nimeshasoma soma nikamuuliza kwa upole, kaka, hicho kikalamu kinapima floraidi? Akasema kinapima kila kitu. Nikamwambia hapana, kinapima chumvi zote kwa jumla kwa kuangalia umeme unapita vipi, hakijui hii ni kalsiamu au hii ni floraidi, wala vijidudu hakivioni, unaweza kuchota maji ya mvua yenye kinyesi cha ndege kikakuonyesha namba ndogo nzuri kabisa. Na ile kahawia ni chuma cha vijiti vyako kinaliwa na umeme, ni kutu, maji yakiwa na madini ya kupitisha umeme yatageuka hata kama ni salama kunywa. Nikamuomba karatasi ya maabara ya floraidi kabla na baada ya chujio lake. Hakuwa nayo. Sikumtukana na labda chujio lake linafanya kazi, mengine ya aina hiyo yanayosukuma maji kwenye utando mwembamba yanapunguza kweli floraidi, lakini bei aliyotaja ni ada ya mtoto, siwezi kutoa hela hiyo kwa kutishwa na kutu.

Tulichokuja kutumia ni mkaa wa mifupa. Pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti cha Wizara ya Maji ambacho kimefanyia kazi jambo hili muda mrefu, mifupa ya ng'ombe inachomwa kwenye tanuru, inasagwa chengachenga, inaoshwa, unaijaza kwenye ndoo yenye bomba na maji yanapita humo taratibu, floraidi inang'ang'ania kwenye ile mifupa. Jirani zetu Waislamu waliuliza ni mifupa ya mnyama gani kachinjwaje, na ni swali halali kabisa, wanaotengeneza wanapaswa wawe tayari kulijibu bila kukasirika. Mkaa wa kawaida wa kupikia hauondoi floraidi kwenye maji, naandika hili maana kuna watu walijaza mkaa wa mti kwenye ndoo wakidhani ni sawa. Na chujio la udongo au mchanga nalo linazuia vijidudu na tope, floraidi inapita. Pia kuna Dk. Askwar Hilonga wa chuo cha Nelson Mandela pale Tengeru ambaye chujio lake lilishinda mwaka 2015 ile tuzo ya ubunifu wa uhandisi kwa Afrika inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, huyu katengeneza akifikiria shida kama hizi zetu. Ni mtu wa huku huku na watoto wa shule wanapaswa wamjue kama wanavyowajua wachezaji.

Ila mkaa wa mifupa unachoka, na hapa ndio nimeona watu wanaumia. Ukishajaa floraidi haushiki tena, na maji yanaendelea kutoka meupe yale yale, bomba linatiririka vizuri, hakuna kinachokuambia. Kuna nyumba naijua chujio liko jikoni miaka halijawahi kubadilishwa, wanajiona wako salama. Kwa hiyo tunapima maji yanayotoka kila baada ya miezi kadhaa na tunabadilisha mkaa.

Shida nyingine ni kwamba elimu ikifika nusu inaleta hofu. Kuna wamama walisikia floraidi ni sumu wakaangalia dawa ya meno wakakuta imeandikwa floraidi, wakatupa, watoto wakaanza kusukutua na maji matupu na meno yakaanza kutoboka. Floraidi kidogo inayogusa jino kwa nje inalilinda lisioze, nyingi inayomezwa kila siku na mtoto ambaye meno yanajengeka ndio inaharibu. Kitu kile kile, kiasi tofauti na njia tofauti. Mtoto mdogo muwekee kidogo sana, kama punje ya mchele, ateme, msimamie asimeze kwa sababu tamu.

Na matege. Mtoto akipinda miguu huku watu wanasema kabebwa vibaya mgongoni au kuna mtu kamtazama vibaya, na siku hizi waliosikia habari za maji wanasema ni floraidi, wanakaa nyumbani wanambadilishia maji. Floraidi nyingi inaweza kupindisha mifupa ya mtoto kweli, lakini na kukosa vitamini D na kalsiamu pia, na magonjwa mengine, na matibabu hayafanani. Dada mmoja wa mtaani kwetu nilimsihi ampeleke mtoto hospitali ya KCMC Moshi apigwe picha na damu ipimwe, mimi sio daktari na maji yangu ya maabara hayawezi kuniambia mguu wa mtoto wa mtu una nini.

Sasa hivi tuko kwenye suala la shule. Watoto wanashinda huko kutwa nzima, wanakunywa bombani na wanakula makande yaliyopikwa kwa maji hayo. Kwenye kikao cha wazazi wengine walitaka tanki la mvua, wengine chujio kubwa, tukabishana sana mpaka baba mmoja akauliza chujio likinunuliwa nani atapima likichoka na kwa hela ya nani, ukumbi ukanyamaza. Tumekubaliana tuchange kwanza ya kupima, bomba la shule na kisima cha jikoni vyote viwili, na mwalimu wa sayansi kaomba watoto wa darasa la saba waende nao kuchota sampuli na majibu yakija yaandikwe ubaoni wayajadili wenyewe. Mchango ni shilingi elfu mbili kila mzazi, na mwisho wa kukusanya ni mwisho wa mwezi huu.